Dola bilioni 11 na mtumishi aliyezikataa

SWALI: Jambo Mama. Sisi watu sita wa korale tulisoma kwa zamu riwaya "Le Testament" ya John Grisham, na sasa hatuelewani. Wengine wanamlilia yule mmisionari Rachel anayekataa urithi wa dola bilioni 11. Mdogo wangu, anayesomea sheria, anasema ni mahubiri yaliyovalishwa joho la avoka. Wewe unaonaje?
Msomaji wa Kadutu, Bukavu

JIBU: Mwanangu, mimi nilikisomea ndani ya boti ya usiku kwenda Goma. Mzee Phelan, yule tajiri baba wa Rachel, anasaini wosia wa kumwachia mali, kisha anajirusha kutoka ghorofani! Nilimwamsha jirani nimsimulie.

Mdogo wako hajakosea yote. Kuokoka kwa Nate, avoka anayetumwa kumtafuta Rachel, mlevi aliyetoka juzi kutibiwa, kumekuja haraka mno. Nina kaka aliyeacha pombe mara nne. Njia ile ina matope. Ila homa inapomlaza kule kwenye mabwawa ya Pantanal, Brazil, namwamini. Mtu anayesali akitetemeka simcheki.

Muulize huyo mwanasheria wetu: Phelan anawaachia watoto wake wengine sita pesa za kulipa madeni tu. Kwetu wosia huo ungesimama wapi? Sheria ya Familia ya 1987 inawatengea watoto robo tatu ya urithi, hata wa nje ya ndoa, mradi baba amewatambua. Riwaya ingekufa mapema.

Rachel simuiti mjinga. Lakini mimi ningechukua pesa za dawa za watu wake. Na labda mabati.