Maswali yenu: Msimu wa kwanza wa Deion Sanders pale Colorado

Maswali ya futiboli ya Kimarekani nimeyaweka kiporo muda mrefu, na karibu yote yanahusu timu ya Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, msimu wa 2023, wa kwanza kwa kocha Deion Sanders. Leo tuyamalize.

Kaka, timu imeshinda mechi 3 za mwanzo, imefikaje mkiani? (Msomaji wa Morogoro)

Walishinda 4, wakafungwa 8, wakaburura mkia kwenye ligi yao ya vyuo, Pac-12. Mwanzo ulitudanganya wote: waliifunga TCU, timu ya chuo kikuu cha Texas iliyocheza fainali ya taifa ya vyuo Januari ya mwaka huohuo, 45-42 ugenini! Kisha Oregon wakawachapa 42-6. Lakini kidonda chenyewe ni Stanford, Oktoba 13, pale pale nyumbani Boulder. Mapumziko ubao unasoma 29-0. Huku kwetu kumeshakucha Jumamosi, nikaenda kuchemsha chai nikijua kazi imeisha. Narudi na kikombe, Elic Ayomanor wa Stanford keshapata mpira, anakimbia, hakuna wa kumshika. Siku hiyo alijikusanyia yadi 294 peke yake. Dakika za nyongeza, awamu ya pili, Colorado wakalala 46-43. Chai ilipoa.

Tatizo si kocha kumpanga mwanawe? (Msomaji wa Kisumu)

Hapana, dada. Mwanawe Shedeur, mpiga pasi mkuu wa timu, alitoa pasi 27 za kufunga, na 3 tu ndizo zilizonaswa na wapinzani. Tatizo lilikuwa wale wanene wa mbele wanaotakiwa kumkinga. Shedeur aliangushwa akiwa na mpira mkononi mara 52, mpaka mgongo ukaumia akaikosa mechi ya mwisho, dhidi ya Utah. Hapo ndipo ninapomlaumu baba. Alileta wachezaji wapya zaidi ya 80 kwa mkupuo, na wenye mbio walipatikana. Ila wakingaji ni kama wapiga makasia: ukikusanya watano wasiojuana, kila mmoja atavuta kivyake.

Baada ya hapo kocha alifukuzwa?

Wapi! Alirithi timu iliyoshinda mechi 1 tu kati ya 12 mwaka 2022. Mwaka 2024 alishinda 9, na Travis Hunter, anayeshambulia na kulinda katika mechi ileile, akabeba Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo.

Eti nyati huingia uwanjani pale Colorado? (Wengi mmeuliza)

Huingia. Ni nyati wa Kimarekani, anaitwa Ralphie, na wanafunzi humkimbiza kwa kamba kabla ya mechi. Huwa ni jike, maana dume ni mkubwa na mkali zaidi.