Maswali ya Wasomaji: Muziki Mzuri kwa Kompyuta Uliyonayo

SWALI: Ndugu mhariri, nina kompyuta mpakato ya zamani ambayo bado inawaka. Nataka iwe chombo changu cha muziki sebuleni, lakini fedha nilizonazo ni kidogo. Nianze kununua nini?

JIBU: Anza na spika, na sehemu kubwa ya fedha iishie huko. Kucheza faili la muziki ni kazi nyepesi hata kwa kompyuta iliyoshindwa na programu mpya. Ubora wa spika husikiwa na kila aliyemo chumbani, ilhali tofauti kati ya kadi mbili za sauti (sehemu ya kompyuta inayogeuza faili kuwa sauti) zisizo na hitilafu hubainiwa na wachache mno. Kadi ya nje ya USB inunue tu kama tundu la kompyuta lina kelele au limelegea.

Spika zenye amplifaya ndani yake ndizo rahisi kuunganisha: unahitaji waya mmoja wenye plagi ya milimita 3.5 upande wa kompyuta na plagi mbili za RCA (zile za duara, moja nyekundu na moja nyeupe) upande wa pili. Hata hivyo, ukipata spika za kawaida zilizokwisha kutumika pamoja na amplifaya ndogo, mara nyingi utasikia mengi zaidi kwa fedha zilezile. Zikague kabla ya kulipa. Sponji inayozunguka koni, kile kiwambo kinachotetema mbele ya spika, huoza kwa umri. Iguse uone kama inamomonyoka. Bonyeza koni taratibu kwa vidole vilivyotandazwa: ikikwaruza, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) imepinda, iache. Pima omu, yaani ukinzani wa umeme, kwa multimita (kipima umeme) kwenye vituo vya nyuma. Spika ya omu 8 kwa kawaida husoma kati ya 5.5 na 7. Kipimo hicho hakikuambii lolote kuhusu twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, kwa kuwa kapasita iliyo mbele yake huzuia mkondo wa multimita. Twita isikilize kwa sikio, muziki ukicheza.

Amplifaya nyingi ndogo hutumia chipu ya TPA3116 ya Texas Instruments. Kwenye boksi utasoma "wati 50 mara mbili", lakini wati hizo zinahitaji takriban volti 21 na spika za omu 4. Ukiipa adapta ya volti 12 na spika za omu 8, haitazidi wati 9 hivi kila upande kabla sauti haijaanza kupasuka. Chaja kuukuu ya kompyuta yenye volti 19 huipandisha hadi wati 20 na ushee, nazo zinatosha sebule ya kawaida. Kabla ya kuichomeka, hakikisha amplifaya inaruhusu volti hizo na kwamba chanya iko katikati ya plagi.

Tazama pia usikivu wa spika, yaani ukubwa wa sauti inayotoa kwa nguvu ileile, unaoandikwa kwa desibeli. Spika ya desibeli 84 huhitaji nguvu mara nne ili ilingane kwa sauti na ile ya desibeli 90. Ndiyo maana tunawasihi wasomaji wasihangaikie wati peke yake.

SWALI: Nimeunganisha kila kitu, lakini spika zinavuma mfululizo hata muziki ukisimama. Nikisogeza kipanya, mlio unabadilika. Je, amplifaya yangu ni mbovu?

JIBU: Huenda ni nzima kabisa. Chomoa chaja, kompyuta itumie betri. Mvumo ukikatika papo hapo, shida ni mzunguko wa ethi (waya wa usalama unaoingia ardhini): kompyuta na amplifaya zimefika kwenye ethi kwa njia mbili tofauti, na waya wa sauti umezikutanisha. Mkondo mdogo wa umeme wa nyumba, wa hezi 50 au 60, hupita humo na amplifaya huukuza. Kelele za ndani ya kompyuta hufuata njia hiyohiyo, ndiyo maana kipanya kinasikika.

Kwanza chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja. Mvumo usipokoma, weka kati ya kompyuta na amplifaya kitenganishi chenye transfoma ndogo. Vile vya bei ya chini sana hupunguza besi kidogo. Kama vifaa vyote viwili vina tundu la waya wa mwanga, utumie huo, maana mwanga haubebi mkondo. Usikate kamwe pini ya ethi ya plagi. Mvumo utaondoka kweli, lakini kifaa kikipata hitilafu kasha lake la chuma linaweza kumuua mtu.

Ikiwa mvumo unabaki hata kwa betri, chomoa waya wa sauti kwenye amplifaya. Ukinyamaza, badilisha waya huo au uuweke mbali na nyaya za umeme. Usiponyamaza, shuku adapta ya amplifaya.

SWALI: Sauti inatoka pande zote mbili, ila haina besi, na mwimbaji hasikiki katikati.

JIBU: Spika moja imeunganishwa kinyume. Koni moja inasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, na besi zinafutana. Fuata alama ya waya kutoka kituo chekundu hadi chekundu. Waya usipokuwa na alama, gusisha betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja kwenye ncha zake, ukiwa umezitoa kwenye amplifaya: chanya ikigusa upande mwekundu, koni ya wufa (spika kubwa ya besi) hutoka nje. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 unatosha hadi mita 5. Sokota nyuzi zake vizuri, kwani uzi mmoja uliochomoza ukagusa kituo cha pili unaweza kuunguza amplifaya.

Kisha zipange spika: twita kimo cha masikio, na umbali kati ya spika ulingane na umbali wa kila moja hadi ulipoketi. Ziepushe na kona, kwani huko besi huvimba na kufunika maneno.

SWALI: Nihifadhi muziki kwa MP3 au FLAC?

JIBU: CD unazozinakili mwenyewe ziweke kwa FLAC, faili hupungua hadi karibu nusu bila kupoteza chochote. MP3 ulizonazo ziache zilivyo, kwa sababu MP3 hupunguza faili kwa kutupa sehemu ya sauti, na kuzigeuza FLAC hakurudishi kilichokwisha kutupwa.

SWALI: Muziki unakatikakatika na kutoa milio ya "tik".

JIBU: Zima hali ya kubana umeme kwenye mipangilio ya kompyuta, kisha ongeza bafa (akiba ya sauti inayosomwa mapema) ndani ya programu ya muziki. Milio ikiendelea, cheza faili lililo kwenye diski ya ndani huku umezima Wi-Fi. Ikikoma hapo, tafuta draiva mpya ya Wi-Fi, yaani programu inayokiendesha kifaa hicho. Kwa kadi ya USB, ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta badala ya kwenye kigawanyi cha matundu ya USB.