Mshumaa wa soya haunukii ukiwashwa? Anza na utambi

Mkuu wa Igoma, umeuliza mambo matatu: kwa nini mishumaa yako ya soya inanukia vizuri ikiwa baridi lakini ukiiwasha chumba hakipati harufu, kama mafuta ya kupikia ya soya yanaweza kutumika badala ya nta, na vifaa gani mtu aanze navyo hapa Mwanza. Mimi naitengeneza nyumbani, Nyamanoro, na kuuzia majirani na nyumba ya wageni moja. Naandika kwa kirefu kwa sababu waliotangulia wamekushauri uongeze manukato, na ushauri huo utakumalizia hela bure.

Harufu ya mshumaa unaowaka hutoka kwenye dimbwi la nta iliyoyeyuka kuuzunguka utambi. Nta ikipata moto, mafuta ya manukato yanapanda hewani kutoka juu ya dimbwi hilo. Dimbwi likiwa dogo, harufu ni ndogo, hata ungemwaga chupa nzima ndani. Na anayeamua ukubwa wa dimbwi ni utambi. Umeandika kwamba mshumaa wako unachimba shimo katikati na nta inabaki imeganda pembeni. Hapo jibu umeshalitoa mwenyewe: utambi ni mwembamba kwa glasi uliyotumia.

Pima kipenyo cha glasi kwa ndani. Kwa glasi ya sentimita 7, dimbwi linatakiwa lifike ukingoni pande zote ndani ya saa tatu hivi, likiwa na kina cha sentimita moja au zaidi kidogo. Saa nne zimepita na pembeni bado kugumu? Panda saizi moja ya utambi. Ukiona kinyume chake, yaani moto mrefu unaochezacheza, masizi kwenye glasi, kichwa cheusi kinaota kwenye ncha ya utambi, na glasi haishikiki kwa joto, basi shuka saizi moja. Nta, glasi, manukato, vyote viache vilevile. Badilisha utambi tu, ndiyo utajua nini kimeleta tofauti. Mimi nikipata glasi za aina mpya, nawasha mishumaa mitatu yenye tambi tofauti siku moja, madirisha yamefungwa, maana mchana upepo wa ziwani unaegemeza moto upande mmoja na kukupa majibu ya uongo. Kila unapowasha, punguza utambi ubaki milimita 5 au 6.

Sasa manukato. Pima kwa uzito. Kijiko kinadanganya, kwa sababu mafuta hayalingani uzito. Nta gramu 200, manukato asilimia 8, ni gramu 16. Nta nyingi za soya zinabeba kati ya asilimia 6 na 10. Ukizidisha, mafuta yanajitenga, yanatoa jasho juu ya mshumaa na kuuziba utambi, harufu inazidi kufifia. Hapo ndipo "ongeza manukato" inapokupeleka.

Yawe mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili ya mishumaa, au mafuta asilia ya mimea. Marashi ya waridi yana maji, na maji hayachanganyiki na nta, utambi utapasukapasuka na kuzima. Manukato ya kujipulizia yana spiriti inayoshika moto, usiyasogeze karibu na sufuria. Mchaichai wa uani nao, majani mabichi au makavu, usiyatie: hayatoi harufu ya maana na yanaweza kuwaka juu ya nta. Kinachotakiwa ni mafuta yake. Pemba wanatengeneza mafuta ya karafuu na ya mchaichai, ni mazuri sana. Ya karafuu ni makali, anza na asilimia 3.

Kuyeyusha: sufuria kubwa yenye maji, ndogo yenye nta ndani yake, moto wa wastani. Huku ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, na nta iliyo juu ya maji haiwezi kupita hapo. Ukiiweka moja kwa moja juu ya jiko hakuna kinachoizuia. Nta ikifika nyuzi 80 hadi 85, epua, mimina manukato, koroga taratibu dakika mbili. Iache ishuke hadi 55 au 60 ndipo umimine kwenye glasi, utambi umeshikizwa wima kwa kibanio cha nguo. Kipimajoto ni lazima. Na nta ikishika moto usimwage maji kabisa, yatairusha ikiwa inawaka. Zima jiko, funika kwa mfuniko.

Baada ya hapo kuna subira, na wengi wanaikosa. Mshumaa wa soya uliofunikwa ukae wiki moja hadi mbili kabla ya kuwashwa. Nta inaendelea kukaza taratibu hata baada ya kuonekana imeganda, na harufu ya siku ya pili haifanani na ya siku ya kumi na nne. Ukungu mweupe unaotokea juu au pembeni mwa glasi ni tabia ya soya, hauharibu chochote.

Mafuta ya kupikia, hapana. Nta ya soya ni mafuta ya soya yaliyopitishwa hidrojeni kiwandani mpaka yakawa magumu, kazi iliyoanza Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Jikoni huwezi kuifanya. Ukiona nta yako ni laini sana kwa joto la huku, ongeza nta ya nyuki asilimia 10 hivi. Ya Tabora inafika Mwanza bila shida. Inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, inakaza mshumaa vizuri, ila inapunguza harufu kidogo.

Vifaa: sufuria mbili na jagi la bati utapata Makoroboi. Mizani ya kidijitali inayosoma gramu moja moja, usiiruke. Chupa za jemu zinafaa kuliko glasi nyembamba za juisi, kwa sababu zimetengenezwa kupokea vitu vya moto. Kujua nta kiasi gani inaingia, jaza maji hadi unapotaka, pima maji hayo kwa gramu, zidisha kwa 0.9. Nta na tambi mimi naagiza Dar, mzigo unakuja na basi nauchukua stendi ya Nyegezi. Agiza nta kilo chache tu, lakini tambi za pamba chukua saizi tatu au nne.

Jambo moja la huku kwetu. Wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama wingu wanafuata mwanga, na wakijaa kwenye nta wanaweza kushika moto wakawa utambi wa pili. Siku zao funga dirisha au usiwashe. Na chandarua, tafadhali mwambie kila mteja wako: mshumaa usiwe chumba kimoja na chandarua kilichoshushwa, na asilale ukiwa unawaka.

Pima kipenyo cha glasi zako uniandikie hapa, pamoja na jina la nta, nikutajie utambi wa kuanzia.