Jibu: Marehemu wa kutoka Dar kuja Moshi, dawa ni lazima?

Pole sana na msiba, ndugu. Umeuliza kama marehemu aliye kwenye jokofu Dar bado anahitaji kuchomwa dawa kabla ya safari ya Moshi. Sisi tulipomleta baba, tulichoma. Jokofu linasaidia akiwa ndani. Akishatoka, joto linaanza kazi yake. Dawa yenyewe ni formalini, hupitishwa kwenye mshipa mkubwa wa damu, nayo huchelewesha tu kuoza.

Kwanza kabisa: kuna uchunguzi wa chanzo cha kifo? Ufanyike kabla, maana formalini huvuruga vipimo vya sumu. Kama hakuna, wahini kuchoma dawa, msingoje asubuhi ya kusafirisha. Mwambieni mhudumu wa mochwari siku zilizobaki hadi maziko. Uso ukikakamaa kidogo ni dawa. Kwetu mashangazi walinong'ona sana.