Kabla hujasema "werden" na "were" ni ndugu

Nilipoanza kujifunza Kijerumani nilikuwa na mchezo wangu: neno likifanana na la Kiingereza, basi ni ndugu. Werden, yaani "kuwa" kwa maana ya kugeuka kuwa kitu, nikakiunganisha na were. Nikawafundisha na wenzangu darasani, kwa madaha kabisa. Kumbe ndugu wa were ni waren, nao wana mzizi wao mbali.

Ukitaka kujua asili ya kitenzi, anza na maumbo ya kale. Kigothi, lugha ya Kigermaniki iliyokwisha kufa, katika Biblia iliyotafsiriwa na askofu Wulfila karne ya 4, kina wairþan (þ isome kama th ya "thamani"). Kiingereza cha Kale kina weorþan. Kwa kulinganisha hayo wataalamu wakafikia *werþaną, la lugha mame ya Kigermaniki, yaani lugha ya kale iliyozizaa hizo zote. Kinyota hicho kiheshimu: hakuna aliyewahi kuliona neno hilo limeandikwa, limeundwa upya kwa kanuni za sauti.

Nyuma zaidi kuna mzizi *wert-, "kugeuka", uliozaa pia vertere ya Kilatini. Hapo mzungumzaji wa Kiswahili hapati shida. Mchawi akigeuka paka, tunaelewa kwamba amekuwa paka.

Kilichonitesa ni wakati uliopita. Weorþan, lakini wingi wake wurdon: þ imekwenda wapi? Mdenmark Karl Verner alilijibu hilo katika makala iliyotoka mwaka 1877. Zamani mkazo ulihamahama. Katika wingi wa wakati uliopita uliangukia kiishio, na konsonanti ambayo silabi iliyoitangulia haikuwa na mkazo ikalainika; ndivyo þ ilivyoishia kuwa d. Baadaye mkazo ukatulia mwanzoni mwa neno, lakini athari ikabaki. Kwa hiyo unapokariri schneiden (kukata) na schnitt (alikata), au ziehen (kuvuta) na zog (alivuta), usidhani Wajerumani wanakukomoa. Ila usiitafute alama hiyo kwenye werden ya leo; imesawazishwa, d kila mahali.

Siku hizi kila kitenzi kipya nakipa ukurasa wake daftarini: maumbo ya kale kwanza, konsonanti zilinganishwe moja moja, maana baadaye. Mtaalamu wa lugha Mjerumani, Carl Meinhof, alitumia mbinu ya namna hii kwa lugha za Kibantu mwaka 1899, kwa hiyo si mambo ya Ulaya tu.

Na ndugu halisi wa werden kwa Waingereza? Weorþan ilikufa, become ikarithi nafasi. Aliyebaki wa ukoo huo ni weird, ambalo zamani lilimaanisha majaliwa.