Redio ya safari: ya kuchaji au ya betri?

SWALI: Kila wiki napanda boti Goma–Bukavu na mizigo ya vitenge. Nataka redio ndogo ya njiani na ya siku za matatizo. Ninunue ya kuchaji?
Mama Vitenge, Birere

JIBU: Mama, chukua inayokula betri ndogo za kawaida, zile za AA. Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, nilikimbilia Sake na redio ya kuchaji. Siku ya pili ilikuwa jiwe tu mfukoni, na betri zinauzwa pale pale kando ya barabara!

Yenye mkono wa kuzungusha ili ijichaji si mbaya, ila uzungushe mwenyewe kabla ya kulipa. Mkono ukiwa umelegea, mrudishie muuzaji.

FM peke yake isikutoshe, maana milima huikata. Tafuta yenye mawimbi mafupi pia, yaani SW; hayo hutoka mbali sana. Usiijaribu chini ya mabati ya duka, hapo hata redio nzuri hukoroma. Toka nje, vuta antena yote.

Botini ifunge ndani ya nailoni. Ukiiweka muda mrefu bila kuitumia, toa betri: zikivuja hula vyuma vya ndani, nami nimeshatupa mbili hivyo.