Kama dekio lako liko Houston, usisajili kampuni Delaware

Dada, hiyo dola 399 ya kifurushi cha kusajiliwa kampuni Delaware usiilipe kwanza.

Nimesoma swali lako mara mbili. Uko Houston, Texas, unataka kufungua kampuni ya usafi wa maofisi, kuna mtu kakwambia usajili LLC yako (kampuni ndogo ambayo madeni yake hayamfuati mwenyewe) kwenye jimbo la Delaware au Wyoming "kwa sababu huko hakuna kodi". Ukauliza pia habari ya ripoti ya wamiliki. Nimeshindwa kupita kimya. Mwaka 2022 nilikuwa hapo hapo ulipo, kazi ile ile, mji ule ule, na hata bei ya kifurushi ni ile ile.

Huku Marekani hakuna ofisi moja ya kusajili makampuni ya nchi nzima, kama BRELA ya Tanzania. Kila jimbo lina sheria yake ya makampuni na daftari lake. Ukisajili Delaware, kampuni yako ni ya Delaware. Siku unapoingia na dekio lako kwenye ofisi ya Houston, Texas inakuhesabu kampuni ngeni, na kampuni ngeni lazima ijisajili kwa Katibu wa Jimbo la Texas ndiyo ifanye kazi hapa. Ada ya LLC ngeni ni dola 750. Ungeianzisha hapa hapa tangu mwanzo ungelipa 300. Hilo yule bwana anayeuza kifurushi hakuniambia, na naona na wewe hajakwambia.

Mimi nilijuaje? Mahakamani.

Mteja wangu mkubwa alikuwa na jengo la ghorofa nne. Tulikuwa wawili, mimi na shemeji yangu, tunaingia saa nne usiku tunatoka saa tisa. Miezi mitatu ya mwisho hakulipa. Dola 6,840. Nikapiga simu mpaka akaacha kupokea, basi nikafungua kesi kwenye ile mahakama ndogo ya kaunti inayosikiliza madai yasiyozidi dola 20,000. Nilibeba kila kitu: mkataba wenye sahihi yake, ankara zote, picha za sakafu kabla na baada ya kazi.

Wakili wake hakugusa hata karatasi yangu moja. Alitoa ukurasa mmoja aliouchapa asubuhi ile. Alikuwa ametafuta jina la kampuni yangu kwenye daftari la Texas, na chini ya jina hapakuwa na kitu. Hakimu akaniuliza, kampuni hii imesajiliwa Texas? Nikampa cheti changu cha Delaware, nilikuwa nimekitia kwenye fremu kabisa. Akakisoma chote, akanirudishia kwa adabu, akanieleza sheria.

Na sheria yenyewe ni hii, isome taratibu: kampuni ngeni isiyosajiliwa haiwezi kuendesha kesi kwenye mahakama za Texas kwa biashara iliyofanyika Texas. Mkataba unabaki halali. Ukishtakiwa wewe, unaruhusiwa kujitetea. Ila kudai chako, mpaka usajiliwe kwanza.

Nikaenda kusajili. Kumbe ukifanya kazi zaidi ya siku 90 bila usajili kuna ada ya kuchelewa, sawa na ada yenyewe, kwa kila mwaka au kipande cha mwaka. Nilianza Machi 2022, nikajisajili Oktoba 2024. Hiyo inahesabiwa miaka mitatu, 2,250. Weka na 750 ya usajili wenyewe: dola 3,000. Na huku nyuma Delaware nao wanataka chao, 300 ya kila mwaka, mwisho Juni 1. Mwaka mmoja nilipitiliza, wakaongeza faini ya 200 na riba juu yake. Wakala wa kunipokelea barua kule, 125 kwa mwaka. Nalipa majimbo mawili kwa sakafu ile ile moja.

Kabla kesi haijarudi mahakamani, mimi na yule mteja tukamalizana nje, akanipa 4,000. Toa 3,000. Sehemu ya shemeji nilimlipa kwa kadi ya mkopo, na deni hilo nimelimaliza mwaka huu.

Nilimpigia yule aliyeniuzia kifurushi. Akaniambia yeye anauza usajili tu, ushauri wa sheria haumo kwenye bei. Lakini kwenye video yake ya kuuzia kifurushi alikuwa anashauri! Alisema "hakuna kodi" mara nne, nimerudia kuihesabu. Kama alijua, alinidanganya. Kama hakujua, alichukua pesa ya mtu anayedeki usiku kwa kitu asichokijua. Bado nina hasira naye, na sioni sababu ya kuificha.

Na hiyo hoja ya kodi haina miguu. Texas haina kodi ya mapato ya mtu binafsi, unaikimbia kwenda wapi? Kodi ya jimbo kwa biashara ipo, ila kwa ripoti za 2024 na 2025 kama mapato hayakuzidi dola milioni 2.47 hukudaiwa kitu, na tangu 2024 ile fomu ya kusema "sidaiwi" imefutwa. Kinachobaki ni ripoti ya taarifa za kampuni, kila mwaka, Mei 15. Hiyo usiiache, ukiiacha unaweza kunyimwa haki ya kufanya biashara.

Mlioko California msinicheke, ninyi mnalipa 800 kila mwaka hata kampuni ikiwa imelala, na msamaha wa mwaka wa kwanza uliishia kwa kampuni za 2023. Na wa Pennsylvania, tangu 2025 mna ripoti ya kila mwaka, dola 7, LLC mwisho Septemba 30. Zamani ilikuwa kila miaka kumi, msije mkasema hamkuambiwa.

Ripoti ya wamiliki, ile ya kuiambia serikali kuu ni nani hasa wenye kampuni: ilianza Januari 2024, watu wakatishwa na faini ya dola 591 kwa siku, halafu Machi 2025 serikali kuu ikazitoa kampuni zote zilizoanzishwa ndani ya Marekani. Ya kwako haimo. Anayekuuzia huduma ya kukujazia, mkimbie.

Delaware ina watu wake, wanaotafuta wawekezaji wakubwa na wanaotaka mahakama yao ya makampuni. Na hata hao wanahama: wanahisa wa Tesla walipiga kura Juni 2024 kuileta Texas, na Septemba 2024 Texas ikafungua mahakama yake ya biashara. Wewe una dekio, mashine ya kung'arishia sakafu na mteja wa barabara ya Westheimer, hapa hapa Houston. Sajili pale unapofanyia kazi, dada.

Fomu ya kuanzisha LLC Texas ni namba 205, inajazwa mtandaoni. Wakala wa kupokea barua unaweza kuwa wewe mwenyewe, ila weka anwani ya mtaa, sanduku la posta hawalikubali. Ukifika ukurasa wa malipo ukaona 300, niandikie hapa hapa. Zamu yangu inaanza saa sita usiku, mpaka hapo niko macho.